Kondoa: Mapumziko ya Mwisho wa Juma Yanayolinda au Kuharibu Urithi wa Dunia

Kila Ijumaa alasiri, ofisi za Mji wa Serikali Mtumba zinapofungwa, baadhi ya watumishi wa umma huelekea stesheni ya treni ya SGR au Kituo Kikuu cha Mabasi kuwahi safari za Morogoro na Dar es Salaam. Wanaobaki Dodoma hujiuliza swali ambalo miaka kumi iliyopita halikuwa na uzito mkubwa: siku mbili za mapumziko zitumike wapi, bila kwenda mbali na bila kumaliza akiba ya familia?

Jibu mojawapo lipo kaskazini mwa Jiji, umbali wa takriban kilomita 160 kwa barabara ya lami. Ni Kondoa, mji mdogo uliozungukwa na vilima vya Irangi, wenye historia ya misafara ya biashara na, kwa jirani yake, eneo la Urithi wa Dunia lililotambuliwa na UNESCO mwaka 2006. Hata hivyo, namna safari hiyo inavyopangwa ndiyo itakayoamua kama wingi wa wageni kutoka Makao Makuu ya Nchi utakuwa neema kwa Kondoa au mzigo kwa urithi usioweza kutengenezwa upya.

Soko jipya katikati ya nchi

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini utekelezaji wake ulipata kasi baada ya tangazo la Julai 2016 la Hayati Dkt. John Pombe Magufuli, na Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi wapatao 411,000 katika Manispaa ya Dodoma ya wakati huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000 katika Jiji. Wengi wa walioongezeka ni watumishi, wafanyabiashara, wanafunzi wa vyuo vikuu na familia zao, watu wenye ratiba ya kazi ya siku tano na mapumziko ya siku mbili.

Kundi hilo linakua wakati utalii wa ndani nao unapanda. Kwa mujibu wa takwimu za Serikali, mwaka 2024 watalii wa ndani walifikia takriban milioni 3.2, wakiwazidi watalii milioni 2.1 waliotoka nje ya nchi. Kwa miaka mingi Mtanzania alipotajiwa utalii aliwaza Serengeti, Ngorongoro au fukwe za Zanzibar. Kwa mkazi wa Dodoma, safari hizo huhitaji likizo. Kondoa huhitaji Jumamosi na Jumapili.

Lami iliyofupisha safari

Hadi miaka ya karibuni, safari ya Dodoma kwenda Kondoa ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Aprili 2018, Dkt. Magufuli, akiwa pamoja na Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika wa wakati huo, Dkt. Akinwumi Adesina, alizindua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati yenye urefu wa kilomita 251. Sehemu ya kati ya barabara hiyo, kutoka Mayamaya kupitia Mela hadi Bonga, iligharamiwa na Serikali ya Tanzania, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Shirika la Maendeleo la Japani (JICA). Ni sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, katika njia inayokusudiwa kuunganisha Cape Town na Cairo.

Leo gari dogo huondoka Dodoma alfajiri na kufika Kondoa kabla ya jua kuwa kali. Asiye na gari hupanda basi la Kondoa, Babati au Arusha. Lakini lami hiyohiyo ina upande wa pili: inarahisisha kufika na inarahisisha pia kupita. Gari linaloelekea Tarangire au Arusha linaweza kuuvuka mji wa Kondoa bila abiria wake kununua hata chupa ya maji. Barabara imeondoa kikwazo cha umbali. Haijampa msafiri sababu ya kusimama. Sababu hiyo imo katika mji wenyewe na miamba yake.

Mji wenye tabaka za historia

Katika karne ya 19, Kondoa-Irangi ilikuwa kituo cha misafara iliyounganisha bara na pwani. Wafanyabiashara wa pwani walikuja na Kiswahili na Uislamu, wakakuta Warangi waliokuwa wakulima na wafugaji wa vilimani. Baadaye Wajerumani walijenga hapo kituo cha utawala. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Aprili 1916, majeshi ya Afrika Kusini yakiongozwa na Jenerali van Deventer yaliuteka mji huo, na mwezi uliofuata jaribio la Lettow-Vorbeck la kuurudisha mikononi mwa Wajerumani lilishindwa.

Mgeni anayetembea mjini leo huona chemchemi inayohudumia wakazi, misikiti, na soko lenye uwele, mtama, mbaazi, alizeti na asali. Nje ya mji huona vilima vyenye makorongo mekundu, alama ya mmomonyoko uliowahi kuifanya Kondoa kuwa mfano wa ardhi iliyochoka. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Miti na nyasi vilirudi katika maeneo mengi. Hatua hiyo haikuwa nyepesi kwa wananchi: kaya zilizotegemea maziwa na samadi zililazimika kupeleka mifugo mbali au kubadili namna ya kuishi. Uoto unaomfurahisha mgeni barabarani umelipiwa na wenyeji.

Miamba inayosimulia

Takriban kilomita 20 kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya Babati, kipo kijiji cha Kolo, lango la Michoro ya Miambani ya Kondoa. Eneo la urithi lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336 na zaidi ya miamba 150 yenye michoro, mingi ikiwa juu ya miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Michoro hiyo imekuwa ikichorwa kwa angalau miaka 2,000, na watafiti wengi huamini kwamba iliyo mikongwe zaidi ina umri mkubwa kuliko huo.

Tofauti ya rangi humsaidia mgeni kuisoma. Michoro mingi mikongwe ni myekundu, iliyotokana na udongo wenye madini ya chuma: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vikubwa. Huhusishwa na jamii za wawindaji na wakusanya matunda, na baadhi ya watafiti huioanisha na imani za Wasandawe wanaoishi katika Wilaya jirani ya Chemba, ambao lugha yao yenye sauti za kudoa ni tofauti na lugha za Kibantu zinazowazunguka. Michoro ya rangi nyeupe, mingi ikiwa ya baadaye, huhusishwa na wakulima na wafugaji. Ukuta mmoja wa mwamba huweza kuonesha namna maisha ya uwanda wa kati yalivyobadilika kutoka upinde kwenda jembe.

Louis na Mary Leakey waliifanyia michoro hiyo kazi kubwa ya kuinakili mwaka 1951. Nakala hizo ni kumbukumbu muhimu, kwa kuwa mwamba hauchorwi mara ya pili.

Hatari inayotembea na mgeni

Hapa ndipo mpango wa safari unapokuwa suala la umma. Jua, upepo na maji ya mvua huidhoofisha michoro polepole, lakini mkono wa binadamu huiharibu haraka zaidi. Mafuta ya vidole hubaki juu ya rangi. Maji yanayomwagwa ukutani ili picha ionekane vizuri hung'arisha mchoro kwa dakika chache na kuacha chumvi inayoula kwa miaka. Jina linalokwaruzwa kwa jiwe halifutiki. Kumekuwa pia na uchimbaji haramu chini ya miamba, unaochochewa na uvumi wa mali iliyofichwa na Wajerumani, ingawa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza uchimbaji usio na kibali. Ukataji wa miti kwa ajili ya kuni na mkaa nao huiacha miamba bila kinga dhidi ya upepo na vumbi.

Suala la Mungumi wa Kolo linahitaji busara ya pekee. Mahali hapo pana michoro mashuhuri, na papo hapo ni mahali pa matambiko ambapo wazee wa jamii huomba mvua na uponyaji. UNESCO ilipoorodhesha Kondoa ilitambua pia uhai huo wa kimila. Wahifadhi wamewahi kuonesha wasiwasi kuhusu pombe ya tambiko inayonyunyizwa karibu na michoro. Wazee nao huliona eneo kuwa lao tangu kabla ya kuwapo kwa ofisi yoyote. Sheria iliyotungwa kulinda kumbukumbu za kale haikulenga hasa mahali panapoendelea kutumika. Makubaliano ya kudumu yatatokana na mazungumzo kati ya wataalamu na wenyeji, na mgeni anao wajibu wa kuingia kwa heshima, kama aingiavyo katika nyumba ya ibada.

Mpango wa siku mbili

Wapo wanaodhani kwamba Kondoa ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana, lakini haimfaidii mgeni wala mwenyeji. Atokaye Dodoma asubuhi na kupitiliza hadi Kolo hufika kwenye mpando wa miamba wakati jua limekuwa kali, hutazama kwa haraka, kisha hurudi bila kuacha mjini chochote zaidi ya kiingilio.

Mpango wenye manufaa zaidi ni wa kulala. Jumamosi itumike kufika Kondoa, kupata chakula cha mchana, kutembelea soko, chemchemi na vilima vya karibu, na kulala katika nyumba za wageni za mjini. Jumapili mapema, safari iendelee hadi Kolo na kupanda miambani wakati wa ubaridi wa asubuhi, kisha kurejea Dodoma kabla ya giza. Kwa utaratibu huo, fedha ya familia moja humfikia mwenye nyumba ya wageni, mama lishe, muuza asali, dereva wa bodaboda na mwongoza watalii.

Maandalizi yanayohitajika ni machache:

- Kuwasiliana mapema na ofisi ya Mambo ya Kale Kolo ili kuthibitisha muda wa huduma na upatikanaji wa mwongozaji, hususan kwa vikundi vya wanafunzi.
- Kulipa viingilio kwa namba ya malipo ya Serikali na kudai stakabadhi.
- Kuchagua miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Mvua za uwanda wa kati hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na njia inayoacha lami kuelekea Mungumi, yenye kilomita zipatazo tisa, huhitaji gari imara.
- Kubeba maji ya kutosha na viatu vya kupandia, na kutoacha taka.
- Kutopanda miambani bila mwongozaji, kutogusa michoro na kutoilowesha.

Wajibu wa kila upande

Serikali imetimiza sehemu kubwa ya kazi ya kuifikisha Kondoa karibu na wananchi. Hatua inayofuata ni ya gharama ndogo zaidi lakini yenye matokeo ya moja kwa moja: vibao vinavyoonekana barabarani, vyoo safi karibu na vituo vya michoro, mafunzo kwa vijana wa vijiji vya Kolo, Pahi na jirani zake ili wawe waongozaji, na utaratibu unaowezesha sehemu ya mapato kuonekana katika vijiji vinavyolinda miamba. Mwanakijiji anayeona faida ya mwamba uliosimama ana sababu ya kumzuia anayekuja na sururu au shoka.

Mwananchi naye hupiga kura kwa namna anavyosafiri. Familia inayolala Kondoa, inayolipia mwongozaji na kurudi na lita ya asali huongeza sababu za wenyeji kuulinda urithi huo. Familia inayopanda miambani peke yake, ikamwaga maji ukutani kwa ajili ya picha ya simu, huondoa kwa dakika moja kitu kilichohifadhiwa kwa zaidi ya miaka 2,000. Barabara inawafikisha wote wawili mahali pamoja kwa saa zilezile. Tofauti yao huanza Dodoma, siku wanapopanga safari.