Mali Bila Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaosoma elimu ya wanyamapori tuliijua methali hii tangu shule ya msingi, lakini tukishafika hifadhini tunaisahau. Nasema wazi: mwanafunzi anayepoteza takwimu za wanyama hastahili shahada.

Fikirieni jinsi kola ya GPS inavyofungwa. Tembo hupigwa mshale wa dawa ya usingizi na kuanguka. Watu humwagia maji masikioni asizidiwe na joto. Anaweza kufa. Kola ikituma mahali alipo kila saa, kwa mwaka tunapata pointi 8,760. Mnyama hakuulizwa kama anakubali. Tuna deni kwake.

Je, tunalilipaje? Takwimu tunazitia kwenye flashi, flashi kwenye mkoba. Mwaka jana nilikabidhiwa faili ya mtu aliyekwisha kuhitimu. Safu moja iliandikwa "saa", bila kusema saa ya wapi. Jambo hili si dogo. Kola nyingi hutumia saa ya dunia, UTC. Uganda iko mbele yake kwa saa 3, ilhali ng'ambo ya mpaka, Virunga, ni saa 2. Tena Mswahili akiandika daftarini "saa 2 usiku", kompyuta inataka 20:00. Unganisha faili za namna hiyo bila kuuliza, na tembo aliyeingia shambani usiku ataonekana aliingia mchana.

Mahali nako kuna mtego. Ikweta inapita ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Alama ya kutoa ikidondoka mbele ya latitudo, tembo wa Ishasha anarushwa zaidi ya kilomita 100 kaskazini, hadi upande wa Beni. Halafu kwa ramani hiyo tunashauri mtaro uchimbwe wapi na uzio wa umeme upite wapi! Atakayelipa ni mkulima wa Kanungu, si sisi.

Wapo wanaosema takwimu zikiwekwa pamoja, majangili watazitumia. Hofu hiyo ni ya haki, lakini kutunza si kutangaza. Movebank, ghala la takwimu linaloendeshwa na taasisi ya Max Planck ya Ujerumani, halitozi malipo, na mwenye takwimu ndiye anayeamua nani aone na nani asione. Wengine hulalamika kwamba mali yetu inakwenda Ulaya. Basi tuweke nakala hapa chuoni pia! Flashi iliyopotea kwenye teksi haijaikomboa Afrika.

Walimu wetu, ninawaomba jambo moja. Msipokee tasnifu yoyote ya kola bila daftari lake: mnyama gani, kola ilifungwa lini na ilivuliwa au kuanguka lini, saa ni ya wapi, kila safu ina maana gani, na nakala mbili ziko wapi. Ukurasa mmoja unatosha. Msiseme ni kazi ya fundi wa kompyuta. Fundi hakuwepo tembo alipoanguka. Na ninyi wenzangu, msingoje sheria ya idara. Andikeni ukurasa huo wiki hii, mkiwa bado mnakumbuka.