Maji ya Wote Yajengwe na Wote

Imekuwa ada katika miradi mingi ya maji kwamba wananchi huitwa siku ya kuchimba mtaro, hali ya kuwa ramani ilikwishapitishwa bila wao. Kisha bomba likipasuka, hulaumiwa kwa kutolionea uchungu. Sisi tunaona lawama hiyo ni dhulma, kwani mtu hulinda kile alichoshirikishwa tangu mwanzo.

Hapana shaka njia nyingine ipo, na ushahidi wake uko kwa jirani zetu wa Malawi. Mwaka 1968, huko Chingale katika wilaya ya Zomba, ulianza mradi wa maji ya mserereko, yaani maji yashukayo kutoka mlimani bila ya pampu. Mwaka uliofuata ukaja wa Chambe, chini ya mlima Mulanje, kwa ajili ya watu wapatao 30,000. Serikali ilileta mabomba na wataalamu wa kupima. Wanavijiji wakachimba bila ujira. Lakini kabla ya jembe kugusa ardhi palifanyika mikutano, zikaundwa kamati, mtaro ukagawanywa kijiji kwa kijiji, na wanavijiji wakashiriki kuchagua vituo vya kuchotea maji. Aidha, walianza na mradi mdogo. Watu walipouona ukitoa maji, ndipo ikajengwa mikubwa. Kufikia miaka ya 1980, miradi ya namna hiyo ilihudumia mamia ya maelfu ya watu.

Ama yaliyofuata, hayo nayo ni mafunzo. Watu waliongezeka, mabomba yakachakaa, misitu ya vyanzo ikakatwa, na kamati nyingi zikadhoofika. Vijiji vilivyo mwisho wa bomba vikawa vya kwanza kukosa maji. Kujenga kwa pamoja hakukutosha pale ambapo kutunza hakukuwa kwa pamoja.

Basi rai yetu ni hii. Kamati ya maji iundwe kabla ya ramani, si baada ya uzinduzi. Wanawake, ambao ndio wabebao ndoo, wawemo katika kuchagua vituo. Mchango wa matengenezo ukubaliwe mapema, na hesabu zake zisomwe hadharani, kwani hiyo ni amana. Msitu wa chanzo nao utunzwe kama linavyotunzwa bomba. Anayeombwa jasho lake ana haki ya kuombwa kwanza rai yake.