Naivasha ikumbuke ndege zilizotua ziwani

Wageni wengi wanaolala katika hoteli kongwe ya Lake Naivasha Country Club huvutiwa na bustani yake pana, migunga yenye magome ya manjano na viboko wanaopanda kula nyasi usiku. Ni wachache wanaojua kwamba hoteli hiyo, iliyojengwa miaka ya 1930, ilipata umaarufu wake kwa sababu ya usafiri wa ndege. Ziwa lililo mbele yake ndilo lililokuwa uwanja.

Historia hiyo si hadithi ya kuwaburudisha watalii tu. Ina funzo kubwa kwa mji ambao hadi leo riziki yake inategemea ndege, ingawa sasa ndege hizo hazitui Naivasha tena.

Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari za kuja Afrika Mashariki mwaka 1931. Wakati huo viwanja vya ndege vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa nyasi tupu zilizogeuka matope mvua iliponyesha. Ndege kubwa zenye mizigo mizito zilihitaji njia ndefu na ngumu ya kurukia, na kuitengeneza kuligharimu fedha nyingi. Maji hayakuhitaji kutengenezwa. Ndiyo maana shirika hilo liliagiza ndege za majini, zenye tumbo mfano wa mashua, na kuanzia mwaka 1937 zikawa zinasafiri kutoka Southampton hadi Durban. Zilifuata mto Nile, zikatua Kisumu katika ziwa Victoria, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kabla ya kuendelea kusini. Mwaka huo huo zilianza kubeba barua za kawaida bila malipo ya ziada, na wafanyabiashara waliozoea kungoja meli kwa majuma wakapata majibu kwa siku chache.

Nairobi haikuwa na ziwa. Maji makubwa yaliyokuwa karibu yalikuwa Naivasha, mwendo wa kilomita 90 hivi. Kwa hivyo ziwa hilo likawa mahali pa kutua, na hoteli ya kando yake ikawa mahali pa kuwapokea abiria, kuwalisha na kuwapumzisha kabla ya kupanda gari kwenda jijini.

Ni vyema kuelewa kwamba hoteli katika zama hizo haikuwa pambo la safari. Safari ya kutoka Uingereza ilichukua siku kadhaa, na usiku abiria walishushwa wakalale nchi kavu. Bila kitanda, chakula na maji ya kuoga, biashara yote ya ndege isingewezekana. Palihitajika mashua za kuwatoa abiria kwenye ndege, magari ya kuwasafirisha, mafuta, mafundi, wapishi na madobi. Mboga, maziwa, nyama na mayai vilitafutwa karibu. Kwa hivyo kila ndege iliyogusa maji iliacha fedha nchi kavu.

Neema hiyo haikudumu. Vita Vikuu vya Pili viliacha viwanja vingi vyenye njia imara na ndege za nchi kavu zenye uwezo wa kwenda mbali zaidi. Shirika la BOAC, lililochukua nafasi ya Imperial Airways, lilijaribu tena ndege za majini kwa njia ya Afrika kuanzia mwaka 1948, lakini kufikia mwishoni mwa mwaka 1950 lilikuwa limeziacha. Abiria wa Nairobi wakawa wanashuka Eastleigh, na mwaka 1958 kiwanja kipya kikafunguliwa Embakasi. Naivasha haikuwa imekosa lolote. Ziwa lilikuwa pale pale na hoteli ilikuwa pale pale. Uamuzi uliopitishwa mbali, na watu ambao huenda hawakuufikiria mji huo hata kidogo, ndio uliofunga biashara.

Hoteli iliponea kwa kuwa ilikuwa na kitu kingine cha kuuza. Ilikuwa na ziwa la maji baridi, ndege wa porini, hewa safi na ukaribu wa Nairobi. Iligeukia watalii na wenyeji wa mapumziko ya mwisho wa juma. Laiti ingekuwa imejengwa mahali pasipo na kingine ila kutua kwa ndege, leo yangebaki magofu.

Sasa tazama mji wenyewe. Tangu miaka ya 1970 mashamba ya maua yameenea kando ya ziwa, na Naivasha imekuwa kitovu cha kilimo hicho nchini. Waridi hukatwa alfajiri, hutiwa katika vyumba vya baridi, hupakiwa kwenye malori hadi Embakasi na kusafirishwa kwa ndege kuelekea Ulaya. Maelfu ya vibarua, wenye nyumba za kupanga, wauza mboga, wahudumu wa matatu na shule za watoto wao wote wanaishi kwa mnyororo huo. Mji umerudi pale pale ulipokuwa miaka ya 1930, ukitegemea ndege za wengine.

Dalili za hatari zimekwisha kuonekana. Aprili 2010 mlima wa volkano ulipolipuka Iceland na majivu yake kufunga anga ya Ulaya kwa takriban juma moja, maua yalitupwa kwa tani na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Machi 2020 ugonjwa wa Covid-19 ulipozuia safari na kuporomosha minada ya Uholanzi, hali ilijirudia kwa uchungu zaidi. Kibarua wa Naivasha hakuwa na kosa lolote katika mambo hayo mawili, lakini yeye ndiye aliyekosa unga.

Baadhi ya wakulima wakubwa wameanza kupeleka maua kwa meli kupitia Mombasa, katika makontena yenye majokofu. Hatua hiyo inafaa kuungwa mkono, na reli ya kisasa iliyofika Suswa mwaka 2019 ingepaswa kuisaidia zaidi. Hata hivyo, bahari nayo ina yake. Mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa mwaka 2023 yamezilazimisha meli nyingi kuizunguka Afrika nzima. Hakuna njia moja inayotosha. Mkulima anayefuata ndege peke yake na anayefuata meli peke yake wote wamesimama kwa mguu mmoja.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru na wadau wa kilimo hawana budi kuuandalia mji huu mguu wa pili. Wakulima wadogo wa Kinangop na Naivasha wapate mikataba ya kuuza mboga, maziwa na samaki katika hoteli za ziwani, badala ya bidhaa hizo kuagizwa kutoka Nairobi. Ziwa lenyewe lilindwe, maana lilipofurika mwaka 2020 na tena 2025 lilifukuza familia nyingi za mtaa wa Kihoto, na linapokauka hakuna waridi wala mtalii.

Aidha, Makavazi ya Kitaifa yashirikiane na wenye hoteli kuihifadhi historia ya ndege za majini kwa picha na maelezo. Historia hiyo ni mali inayoweza kuuzwa, na haihitaji mbolea wala ndege ya mizigo.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ndege za kwanza ziliondoka Naivasha bila kuaga. Haitakuwa busara mji kungoja uone kama hizi za sasa zitaaga.