Anayehesabu Ndege si Jasusi

Wako watu duniani ambao starehe yao kubwa ni kutazama ndege zikiruka na kutua. Utawakuta wamesimama nje ya uzio wa viwanja vikubwa kama Heathrow mjini London au Schiphol mjini Amsterdam, iwe jua au baridi, kila mmoja na darubini yake, daftari na kamera. Ndege za kila siku haziwashughulishi sana. Wanachokingoja ni ile isiyo ya kawaida: dege la mizigo aina ya Antonov 124 ambalo hufunua pua yake kama mamba apanuaye kinywa, ndege ya rais wa nchi ya mbali, ndege ya kale iliyodhaniwa kuwa imekwisha kuwa chuma chakavu, au ndege nyeupe tupu isiyoandikwa jina la shirika lolote. Ikishatua, huandika aina yake, tarehe, saa, na namba iliyopigwa ubavuni au mkiani mwake.

Mtu mwenye haraka zake atauliza: mambo haya yana faida gani kwa mtu mzima mwenye akili timamu? Wengine, hasa wale wenye dhamana ya ulinzi, huuliza swali zito zaidi: mtu huyu ametumwa na nani? Maswali yote mawili yana majibu, na majibu hayo yanagusa haki za binadamu na mali za mataifa. Kwa sababu hiyo yanawahusu watumishi wa Serikali na walimu wetu kuliko wanavyoweza kudhani.

Tuanze na ile namba. Tarehe 7 Desemba 1944, wajumbe wa mataifa mengi waliokutana Chicago, Marekani, walitia sahihi mkataba unaotawala usafiri wa anga hata leo. Kifungu cha 20 cha mkataba huo kinaamuru kwamba kila ndege inayosafiri baina ya nchi na nchi iwe na alama ya utaifa na ya usajili wake. Ndiyo maana ndege iliyosajiliwa Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, na ya Marekani herufi N. Alama hizo hupigwa kwa herufi kubwa ili zionekane. Basi anayezisoma haibi siri ya mtu. Anasoma kile ambacho sheria imeagiza kisomwe, kama vile mwananchi anavyosoma namba ya basi lililomgonga mwenzake na kukimbia.

Mkataba huo huo unatenganisha ndege za kiraia na ndege za dola. Kifungu cha 3 kinasema kwamba ndege za jeshi, forodha na polisi haziruki juu ya nchi nyingine wala kutua humo bila ya idhini. Lakini kifungu cha 5 kinazipa ndege za kiraia zisizo za ratiba uhuru mpana wa kupita na kutua kwa mahitaji ya safari bila ya kuomba ruhusa kwanza. Hapo ndipo palipo na tundu. Dola likitaka kufanya jambo la aibu katika anga za wenzake, huivua ndege yake magwanda na kuivisha kanzu ya kiraia.

Ndivyo lilivyofanya Shirika la Ujasusi la Marekani, CIA, baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Oktoba mwaka huo, gazeti la The News la Pakistan liliandika kwamba mwanafunzi kutoka Yemen alikabidhiwa kwa Wamarekani usiku katika kiwanja cha Karachi na kupakiwa katika ndege ndogo aina ya Gulfstream yenye namba N379P. Desemba mwaka huo, ndege hiyo hiyo iliwachukua Wamisri wawili waliokuwa wakiomba hifadhi nchini Sweden, kutoka kiwanja cha Bromma mjini Stockholm, ikawapeleka Cairo. Katika karatasi za usajili, mwenye ndege alikuwa kampuni ya kiraia ya Marekani. Gazeti la Washington Post lilipowatafuta maofisa wa kampuni hiyo mwaka 2004, lilikuta masanduku ya posta na wala si makazi ya watu.

Wahenga walisema, macho hayana pazia. Katika viwanja mbalimbali vya Ulaya, watazamaji wa ndege walikuwa wamekwisha kuipiga picha na kuiandika ndege hiyo na nyinginezo za namna yake, bila ya kujua zimebeba nini. Walivutiwa tu na ugeni wake. Waandishi wa habari na mawakili walipoanza kuuliza, daftari zile za starehe ziligeuka kuwa ushahidi. Kila mmoja alikuwa na mstari mmoja tu: kiwanja, tarehe, namba. Haba na haba hujaza kibaba. Mistari ilipounganishwa, njia zikaonekana.

Tazama kisa cha Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani. Alikamatwa mpakani mwa Masedonia tarehe 31 Desemba 2003 kwa sababu jina lake lilifanana na la mtu mwingine aliyekuwa akitafutwa. Alifungiwa hotelini Skopje kwa siku 23, kisha akakabidhiwa kwa CIA, akapelekwa Afghanistan. Mei 2004, walipotambua kwamba wamekosea mtu, walimtupa njiani katika vilima vya Albania. Nani angeamini hadithi kama hiyo? Lakini katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, mtazamaji wa ndege alikuwa ameipiga picha Boeing 737 yenye namba N313P Januari 2004, nayo kumbukumbu za safari zikaonyesha kwamba tarehe 23 mwezi huo ndege hiyo ilitoka Palma ikaenda Skopje, na kutoka hapo ikaelekea Afghanistan kwa kupitia Baghdad. Maneno ya mtu mnyonge yakapata shahidi asiyehongeka. Tarehe 13 Desemba 2012, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliitia Masedonia hatiani na kuiamuru imlipe euro 60,000. Kabla ya hapo, tarehe 6 Septemba 2006, Rais George W. Bush alikuwa amekwisha kukiri hadharani kwamba CIA ilikuwa na magereza ya siri.

Msomaji asidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya Ulaya na Asia peke yake. Suleiman Abdullah Salim, Mtanzania kutoka Zanzibar, alikamatwa Mogadishu Machi 2003. Alipitishwa Kenya na Djibouti, akafikishwa katika gereza la siri nchini Afghanistan, akateswa. Alizuiliwa zaidi ya miaka mitano pasipo kushitakiwa mahali popote. Mwaka 2008 aliachiwa akiwa na karatasi ya jeshi la Marekani iliyosema kwamba yeye si tishio. Oktoba 2015, yeye na mwenzake, pamoja na wasimamizi wa mirathi ya mtu wa tatu aliyefia gerezani, waliwafungulia kesi nchini Marekani wanasaikolojia wawili waliobuni njia zile za mateso, na Agosti 2017 kesi hiyo ikamalizika kwa mapatano. Ripoti ya Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Seneti la Marekani, iliyotolewa Desemba 2014, ilihesabu watu wasiopungua 119 waliopitia mikononi mwa CIA, na kwamba 26 miongoni mwao hawakustahili kuzuiliwa hata kwa vipimo vya CIA yenyewe.

Familia iliyopotelewa na mtu wake kwa namna hiyo haina polisi wa kumwendea wala mahakama ya kuanzia. Kitu pekee kinachoweza kufufua kesi yake ni kumbukumbu ya mtu baki: siku fulani, katika kiwanja fulani, niliiona ndege hii.

Ni kweli kwamba dola lina siri zake za halali, na ni kweli kwamba wapo majasusi. Nchi yetu haikulijua jambo hilo vitabuni. Oktoba 1978 ndege za kivita za Idi Amin ziliishambulia Bukoba, na Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev 22 ilijaribu kuupiga mji wa Mwanza, mabomu yake yakaangukia Kisiwa cha Saanane. Lakini tuulize: katika saa kama hizo, mwananchi anayeweza kutofautisha ndege na ndege ni hatari kwa nchi, au ni sehemu ya ulinzi wake? Waingereza walilijibu swali hilo mwaka 1940. Rada zao zilitazama baharini. Adui alipokwisha kuivuka pwani, waliomfuata kwa macho na masikio walikuwa raia wa kujitolea wa Kikosi cha Watazamaji, makarani na wakulima na walimu, waliojifunza kuitambua kila ndege kwa umbo lake. Aprili 1941 kikosi hicho kilipewa heshima ya kuitwa cha Kifalme.

Kinyume cha hayo ni yale yaliyotokea Ugiriki. Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili waliokwenda kutazama ndege walikamatwa huko Kalamata kwa tuhuma za ujasusi, wakawekwa rumande kwa wiki kadhaa. Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani, wanane wakahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Novemba mwaka huo mahakama ya rufani ikawaachia wote. Ugiriki haikupata siri iliyookolewa wala jasusi aliyenaswa. Ilichopata ni aibu, kwa sababu maofisa wake walishindwa kutofautisha mtu anayependa kitu na mtu anayekivizia.

Nasi tunalo funzo letu wenyewe. Novemba 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga wanne, walisafirishwa kwa njia haramu kutoka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro katika ndege kubwa ya kijeshi ya Qatar. Desemba 2014 mahakama mjini Moshi ilimhukumu raia mmoja wa Pakistan kifungo cha miaka 60 hali yeye mwenyewe hayupo. Washitakiwa wengine wakaachiwa huru. Twiga hafichiki mfukoni, na dege la jeshi halijifichi kiwanjani. Tena, kwa mujibu wa kile kifungu cha 3, ndege ya jeshi la kigeni haitui bila ya kibali, na kibali hutiwa sahihi na mtumishi wa umma. Uovu mkubwa hupita mbele ya macho ya wengi pale ambapo kila aonaye amezoeshwa kuamini kwamba kuona si kazi yake.

Siku hizi ndege nyingi hujitangaza zenyewe kwa redio, kwa masafa ya megahezi 1090: namba yake, mahali ilipo, kimo na mwendo. Kipokezi kidogo cha bei nafuu hutosha kuzinasa habari hizo. Mtandao wa Flightradar24 ulianzishwa na Waswidi wawili mwaka 2006 kama jambo la kujifurahisha, na leo mamilioni ya watu wanautumia. Hata hivyo, mtambo wa ndege unaweza kuzimwa na rubani, tena mara nyingi huzimwa na yule mwenye la kuficha. Jicho la mtu aliye chini halina swichi mikononi mwa rubani.

Kwa hiyo twawaomba wenye dhamana ya viwanja na ulinzi wafanye mambo mawili. Kwanza, ibainishwe wazi, kwa maandishi yanayosomeka, ni wapi haparuhusiwi kutazama wala kupiga picha. Kambi za jeshi na maeneo yaliyotengwa na sheria yaheshimiwe bila ya mjadala. Lakini nje ya hapo mwananchi asiachwe akitegemea hasira au ukarimu wa askari wa zamu. Pili, anayekuja na habari ya ndege asiyoielewa apokelewe, aandikwe na kushukuriwa. Akifokewa siku ya kwanza, siku ya pili atanyamaza, na siku ya tatu twiga watapanda ndege.

Walimu nao wanayo kazi nzuri zaidi. Watoto wa Kipawa na wa Kiembesamaki hukua chini ya ndege, na wengi huzitambua kwa mngurumo kabla hawajainua macho. Udadisi huo ni mtaji. Mwalimu anaweza kuufanya somo la jiografia kwa kuuliza herufi za mkiani ni za nchi gani, somo la hesabu kwa kupima mwendo na umbali, na zaidi ya yote somo la uraia: kuona kwa makini, kuandika kwa ukweli, kuweka tarehe, wala kutoongeza neno ambalo jicho halikuliona. Mtoto atakayejifunza kuandika hivyo habari za ndege ataandika hivyo habari za dawa za zahanati, mbolea ya ushirika na fedha za kijiji. Taifa lenye watu wa namna hiyo haliibiwi kwa urahisi, hata mchana kweupe.