Land Rover la urithi: Tulifufue, lakini tupige hesabu kwanza

Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika jijini Arusha, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake. Tangu siku zile nimeulizwa swali moja mara nyingi na ndugu, majirani na watu niliosoma nao: lile 109 la marehemu mzee lililoegeshwa nyuma ya nyumba liuzwe, litengenezwe, au waachiwe kuku?

Swali hili linanigusa. Kwetu Karatu lipo 109 la mwaka 1974. Baba alilinunua mnadani likiwa limeshachoka kwa kazi za serikali, akalitumia miaka mingi kupandisha vitunguu kutoka Mang'ola. Baba alifariki akatuacha watoto sita na mama. Sasa kaka mkubwa anataka liuzwe kwa dalali aliyetaja Sh4 milioni. Mdogo wetu anayeishi Dar es Salaam anataka liwekewe injini ya dizeli, matairi mapana, winchi na redio ya kutikisa mtaa. Mama anasema gari la mumewe halitoki getini. Mimi niliyesomea uchumi wa kilimo nimekabidhiwa kazi ya kupiga hesabu.

Ndugu msomaji, tusisahau gari hili lilizaliwa kwa ajili ya nini. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alilibuni baada ya kutumia Jeep ya jeshi kwenye shamba lake huko Anglesey. Lilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, lilinadiwa kama chombo cha mkulima, linaloweza hata kuendesha mashine za shambani. Chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa bati la aluminiamu.

Aluminiamu hiyo ndiyo inayowadanganya warithi wengi. Bodi haili kutu kama ya magari mengine, ukiipiga rangi inang'aa kama ya jana. Lakini chasisi ni ya chuma, na inaoza kimya kimya kuanzia ndani. Nimeona watu wakimaliza fedha kwenye rangi na viti vya ngozi, halafu miezi michache baadaye springi ya nyuma inapenya kwenye chasisi gari likiwa na mzigo. Kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, fundi alale chini na nyundo, agonge chasisi yote, hasa nyuma na pale springi zinaposhikilia. Panapobonyea pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, si kiraka juu ya kutu.

Sasa tuje kwenye injini, maana ndipo ugomvi wa kwetu ulipo. Injini ya petroli ya 109, ile ya lita mbili na robo, ina kiu. Gari likiwa na mzigo, kilomita sita kwa lita ni wastani wa kawaida. Injini ya dizeli yenye tabo, kama zile za Land Rover za miaka ya 1990, inaweza kukupa kilomita tisa. Mdogo wangu akisikia hapo anaona ameshinda.

Hebu tuandike. Gari la shamba kama la kwetu likitembea kilomita 5,000 kwa mwaka, injini ya zamani itakunywa lita 833 na ya dizeli lita 556. Unaokoa lita 277. Tukichukulia kila lita ni Sh3,000, hiyo ni kama Sh830,000 kwa mwaka. Injini hiyo pamoja na ufundi tumetajiwa Sh7 milioni. Itachukua zaidi ya miaka minane fedha kurudi, na hapo sijaweka riba wala uwezekano wa injini hiyo iliyotumika kufa mapema. Kwa mtu anayebeba abiria kila siku na kutembea kilomita 20,000 kwa mwaka, hesabu inageuka kabisa, fedha zinarudi kwa takriban miaka miwili. Kwa hiyo swali la kwanza si injini gani ni nzuri. Ni gari litatembea kiasi gani.

Na litatembea kiasi gani, wakati 109 linabeba takriban tani moja tu? Hayo ni magunia kumi ya vitunguu, yale ya kilo mia. Siku ya mavuno, kukodi Canter ni nafuu kuliko kurudi bondeni mara nne. Kazi ya Land Rover ni ile ambayo Canter haiji kuifanya: kupeleka mbolea na miche, kuteka maji, kubeba vibarua alfajiri, kumpeleka mama hospitali usiku wa mvua. Kazi hizi zina thamani kubwa, lakini hazina kilomita nyingi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa mjini hawalisemi. Injini yenye nguvu inadai vyote vilivyo nyuma yake viwe na nguvu. Shafti za nyuma za magari haya zinajulikana kwa kukatika hata kwa injini yake ya asili. Breki ni za dramu magurudumu yote manne, na mengi ya miaka ile yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, huna breki hata moja. Anayeujua mteremko wa kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu ananielewa.

Kama ni kulifanya gari liwe la kisasa, basi fedha ianzie hapo. Mfumo wa breki wenye njia mbili na saidizi ya kukanyagia, breki za diski mbele kama mfuko unaruhusu. Nyaya zote mpya zenye kisanduku cha fyuzi, kwa sababu nyaya zilizokauka kwa miaka 50 huunguza gari. Mfumo wa kielektroniki badala ya platini, ili liwake asubuhi ya baridi. Mikanda ya usalama. Hivi vyote havionekani ukipita nalo sokoni, na pengine ndiyo sababu havipendwi.

Kwa upande wa mapenzi, mimi si miongoni mwa wachumi wanaoyadharau. Lakini yana bei, na bei yake ijulikane. Dalali akitaja Sh4 milioni nasi tukakataa, ni sawa na kwamba leo tumelinunua gari hilo kwa Sh4 milioni. Fedha alizotumia baba kwa miaka yote zimekwenda, haziingii katika hesabu hii.

Kinachoyaua magari ya urithi kuliko kutu ni kukosa mwenyewe. Kadi bado ina jina la marehemu, kila mtoto ana ufunguo, hakuna anayelipa bima. Lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, ndipo umiliki uhamishwe TRA. Namba ya injini nayo imo kwenye kadi, hivyo anayebadili injini bila kuwajulisha anajitengenezea kesi ya barabarani. Na ndugu anayetoa fedha ya matengenezo iandikwe mapema kama ni mkopo, zawadi au hisa. Isipoandikwa, itakumbukwa msibani.

Pendekezo nililopeleka nyumbani ni hili. Umiliki uhamie kwa mama. Kiangazi hiki chasisi, breki na nyaya zitengenezwe, injini ya petroli ibaki na ifanyiwe matengenezo makubwa. Winchi na redio mdogo wetu anunue kwa fedha yake, bila kudai chochote. Kaka mkubwa alipwe fungu lake la zile Sh4 milioni kwa awamu mbili, kutoka katika mauzo ya vitunguu. Mama amekubali. Kaka anataka awamu moja, na bado tunazungumza.