Mitishamba ya nywele kutoka Thailand: Nunua sabuni, usinunue ahadi

Kijana mmoja mwenye duka la vipodozi Kariakoo alinijia ofisini akiwa na chupa mbili za shampuu. Zote zimetoka Bangkok, kwa muuzaji mmoja, na zote zina picha ya ndimu yenye ganda la makunyanzi. Ya kwanza imeandikwa kuwa inasafisha nywele na ngozi ya kichwa. Ya pili imeandikwa kuwa inazuia nywele kupukutika na kuotesha zilizokwisha toka. Bei ya hiyo ya pili ni zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Kijana huyo ana akiba ya miaka minne, na zamu ya mama yake katika upatu imefika mwezi huu. Fedha zote hizo anataka kuziweka katika katoni za chupa ya pili. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, niingie?"

Nilimjibu kwamba kwa chupa ya kwanza tunaweza kukaa tukapiga hesabu, lakini kwa chupa ya pili asitoe hata senti. Hakufurahi. Kwa kuwa wapo wasomaji wa ukurasa huu wanaofunga safari za Bangkok, au wanaoagiza mzigo kupitia kwa wenzao waendao huko, naona si vibaya nikieleza sababu zangu hapa, ili anayekubali akubali kwa hoja na anayekataa akatae kwa hoja.

Kwanza tuondoe dhana potofu. Mitishamba ya Thailand si utapeli wa jana wala juzi. Katika hekalu la Wat Pho, mjini Bangkok, yapo maandishi ya mawe 1,431 yaliyochongwa kati ya mwaka 1831 na 1841, enzi ya Mfalme Rama wa Tatu, na miongoni mwake zimo elimu za tiba na za kukanda mwili. UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 2011. Huko kaskazini mwa nchi, wakati wa sikukuu ya mwaka mpya ya Songkran katikati ya Aprili, vijana huwapelekea wazee wao maji yaliyotiwa maganda ya mti uitwao som poi ili kuomba radhi na baraka. Desturi hiyo huitwa dam hua, yaani kuosha kichwa.

Ndimu ile yenye makunyanzi ndiyo makrut. Mabibi wa Kithai huikata, huibanika kidogo motoni, kisha huikamua na kuoshea nywele. Lipo pia ua la bluu liitwalo anchan, ambalo akina mama husugua kwenye nyusi za watoto wachanga wakiamini kwamba zitakuwa nyeusi na nzito. Aidha, wanatumia shubiri na tangawizi, ambazo hata sisi tunazo.

Kazi za mimea hii zinaeleweka. Som poi hutoa povu, kwa hiyo ni sabuni ya asili. Maji ya makrut yana uchachu, na uchachu huo hulainisha unywele uliokakamazwa na sabuni kali, wakati mafuta ya ganda lake yananukia vizuri. Shubiri hupoza ngozi inayowasha. Kwa hiyo anachonunua mteja hapa ni usafi, ulaini, harufu na ubaridi. Hiyo ni bidhaa halali, ina wanunuzi, na mfanyabiashara hana sababu ya kuionea haya.

Wathai wenyewe wameigeuza elimu hiyo kuwa biashara kwa utaratibu. Hospitali ya serikali ya Chao Phraya Abhaibhubejhr, mkoani Prachinburi, imejijengea jina tangu miaka ya 1980 kwa kutengeneza bidhaa za mitishamba. Mwaka 2001 serikali ya Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra ilianzisha mpango wa OTOP, wa kila tarafa na bidhaa yake, ambao hupanga bidhaa kwa nyota kuanzia moja hadi tano. Hapa wageni wengi huteleza. Nyota tano za OTOP zinapima ubora wa bidhaa, nguvu ya jumuiya iliyoitengeneza na nafasi yake sokoni. Hazisemi kwamba mtu mwenye upara ataota nywele.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapo ndipo mtaji wa mtu unapoweza kuzama. Mwaka 2003 nchi 10 za ASEAN, Thailand ikiwamo, zilitia saini makubaliano ya kuwa na kanuni moja za vipodozi, na utekelezaji ukaanza mwaka 2008. Kwa kanuni hizo shampuu ni kipodozi, na kazi ya kipodozi ni kusafisha, kunukisha, kupendezesha na kutunza. Mwongozo wao kuhusu maneno ya kwenye chupa unayataja waziwazi yasiyokubalika kwa bidhaa za nywele: kwamba inamaliza mba moja kwa moja, kwamba inazuia au kurudisha nywele zinazopotea, kwamba inachochea nywele kuota. Kwa maana hiyo, kama chupa ya pili ya kijana wetu imeandikishwa kuwa kipodozi, maneno yake yanagongana na kanuni za huko huko ilikotoka.

Wapo watakaosema kwamba hiyo si kipodozi bali ni dawa ya asili. Sawa, lakini dawa ya asili nayo ina mlango wake. Mwaka 2019 Thailand ilipitisha Sheria ya Bidhaa za Mitishamba, ikazitoa bidhaa hizo katika Sheria ya Dawa ya mwaka 1967 na kuzipa sheria yao wenyewe, yenye ngazi tatu za kuandikishwa kulingana na uzito wa bidhaa. Basi mwulize muuzaji: hii imepita mlango upi, na namba yake iko wapi? Akianza kukuonyesha picha za watu kabla na baada ya kutumia, ujue swali lako halijajibiwa.

Tukiacha sheria, tutazame kichwa chenyewe. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na unywele huota kama sentimeta moja kwa mwezi. Upara wa kurithi hutokana na homoni inayodhoofisha mashina ya nywele, na shampuu inayokaa kichwani dakika mbili kisha ikaoshwa si mshindani wa homoni. Dawa ya kupaka ya minoxidil ilikubaliwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1988, na kidonge cha finasteride mwaka 1997. Zote mbili zilipita majaribio kwa binadamu, na hata hizo hazimsaidii kila mtu, na ukiacha kuzitumia manufaa hupotea. Kwa upande wa mitishamba hii, ushahidi uliopo zaidi ni wa maabara na wanyama. Kutoka hapo hadi kwenye kichwa cha mteja wa Kariakoo bado ni mwendo mrefu.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba imewasaidia? Jibu ni rahisi na kila mwekezaji analipaswa. Baada ya kujifungua, baada ya homa kali, au baada ya mshtuko mkubwa, nywele nyingi hupukutika kwa pamoja miezi miwili au mitatu baadaye. Wengi waliiona hali hiyo baada ya kuugua Covid-19. Kwa kawaida nywele hizo hurudi zenyewe katika miezi kama sita. Mama aliyeanza kutumia chupa ile wakati nywele zinapukutika ataisifu zitakaporudi, naye hasemi uongo, ila amempa sifa asiyestahili. Wahenga walisema, jogoo awike asiwike, kutakucha.

Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa kutazama mzunguko kabla ya kutazama faida ya chupa moja. Tuchukue mfano, na ieleweke kuwa ni mfano tu. Tuseme chupa ya kwanza inakupa faida ya sh. 2,000, na mteja anaimaliza kwa miezi miwili. Akiipenda atanunua chupa 6 kwa mwaka, na utapata sh. 12,000. Chupa ya pili inakupa sh. 5,000. Mteja atanunua moja, atanunua ya pili kwa matumaini, na mwezi wa nne atajitazama kwenye kioo. Hatarudi tena. Umepata sh. 10,000, umepoteza mteja, na umepata mtu wa kukusema mtaani. Hapo sijaweka gharama ya mzigo kuzuiwa na storeji kupanda kila siku. Aliyeona faida kubwa katika chupa ya pili alitazama ukurasa mmoja tu wa daftari lake.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana katika daftari lolote. Kwa mtoto mwenye mapunye, ugonjwa ni wa fangasi na unahitaji dawa ya hospitali. Kwa dada aliyepoteza nywele za mbele kwa kusukwa mitindo ya kubana, kwanza aache kubana, maana ngozi ikishaweka kovu nywele hazirudi tena. Kila mwezi ambao watu hawa wanakaa na chupa yako wakingoja ni mwezi wa tiba waliopotezewa. Aidha, mafuta ya ganda la makrut yakibaki kwenye ngozi na mtu akatoka juani, ngozi inaweza kuungua. Mfanyabiashara anayemwambia mteja apake na kuacha bila kuosha, ili ifanye kazi vizuri, anajitafutia kesi.

Najua hoja ya upande wa pili. Kijana wangu aliitoa kabla sijamaliza: "Kaka, bila ahadi watu hawanunui." Simbishii kwamba ahadi inauza haraka. Lakini kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa ambayo haiwezi kutoka dukani bila uongo haijawa bidhaa bado, na jina la duka huchukua miaka kujengwa. Isitoshe, mwenye mtaji mdogo hana fedha za kulipia kosa. Kampuni kubwa ikinyang'anywa kontena moja itaandika hasara na kuendelea. Yeye akinyang'anywa katoni zake, upatu wa mama yake umekwenda.

Kwa anayetaka kuingia katika biashara hii kwa njia ya halali, nafasi ipo, na ninamshauri yafuatayo. Kwanza, asome jina la kitaalamu la mmea. Makrut ni Citrus hystrix. Lebo nyingi za Kithai huitafsiri kama bergamot, lakini bergamot ni tunda jingine, maarufu kwa kulimwa kusini mwa Italia. Som poi nayo ndiyo shikakai ya Wahindi, hivyo alinganishe bei za Bangkok na za Mumbai kabla ya kulipia jina la Thailand.

Pili, atazame lebo kwa macho ya Mwafrika. Ndimu hiyo kwa Kiingereza imeitwa miaka mingi kwa neno "kaffir", ambalo Afrika Kusini ni tusi zito. Zipo chupa ambazo bado zimeliandika. Mzigo wa namna hiyo usiletwe rafuni kwetu, na jina la makrut linatosha.

Tatu, kabla ya kulipa, aulize kwanza nyumbani. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania vinasimamiwa na Shirika la Viwango, TBS, badala ya iliyokuwa TFDA. Ajue kama bidhaa hiyo na duka lake vinahitaji kusajiliwa vipi, na ampelekee ofisa nakala ya lebo yenyewe, kwani maelezo ya mdomo hayatoshi.

Nne, aangalie tarehe ya mwisho na mahali pa kuhifadhi. Rangi ya bluu ya anchan hufifia kwa joto na mwanga, na ghala la bati ni tanuri. Muuzaji akimtilia ndimu kwenye maji ya ua hilo, yatageuka zambarau mbele ya macho yake. Ni mchezo mzuri wa kemia, lakini haumwotesehi mtu unywele hata mmoja.

Tano, aanze na katoni chache, aandike kila mteja anayerudi, na aongeze mzigo kwa kufuata daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kijana yule hakuondoka na jibu alilolijia. Aliniachia chupa ya pili mezani, akaichukua ya kwanza, akasema atakwenda kuwauliza wasusi watatu wa mtaa wake kama wataijaribu kwa mwezi mmoja. Fedha za mama yake, alisema, zitabaki benki mpaka wasusi hao wamjibu. Wakirudi kununua chupa nyingine kwa fedha zao wenyewe, nitakuwa wa kwanza kumwambia aagize.