Topido Haimkamati Haramia

Ndugu mwanafunzi, usikubali kuambiwa kwamba habari za manowari hazimhusu mkazi wa Kigali kwa kuwa Rwanda haina bahari. Mafuta yanayoendesha pikipiki za mjini kwetu hushushwa kwanza katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Bahari ikichafuka, bei hupanda Nyabugogo.

Manowari ya aina ya frigeti hujengwa, pamoja na kazi nyingine, ili kuwinda nyambizi. Nyingi hubeba mirija ya kurushia topido nyepesi, yenye kipenyo cha milimita 324, ambayo ikishatumbukia majini huitafuta nyambizi yenyewe kwa kufuata sauti. Ni silaha ya ustadi mkubwa na ya gharama kubwa. Lakini Umoja wa Ulaya ulipoanza operesheni yake katika pwani ya Somalia mwezi Desemba 2008, ukapeleka frigeti, adui alikuwa nani? Vijana ndani ya mashua za mashine, wenye bunduki na ngazi za kupandia meli. Hawakuwa na nyambizi hata moja. Dhidi yao topido haikuwa na kazi. Waliohitajika ni helikopta, boti ndogo na askari.

Wako watakaosema kwamba silaha kubwa hutisha, na kutisha ni nusu ya ulinzi. Nawajibu kwa mfano wa Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014 makampuni ya serikali yake yalikopa takriban dola bilioni 2, kwa hoja ya kulinda pwani na kuvua jodari. Sehemu kubwa ya deni hilo ilifichwa hadi mwaka 2016. Ilipofichuka, wafadhili walisimamisha misaada. Boti zilinunuliwa. Hata hivyo, Agosti 2020 waasi waliuteka mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, nao haukukombolewa hadi Agosti 2021, na askari wa Rwanda na wa Msumbiji waliopigana nchi kavu. Boti zile hazikumtisha mwasi. Deni lake ndilo lililomtisha mlipa kodi.

Sipingi ulinzi. Napinga ununuzi wa gizani. Kabla ya kushangilia manowari ya nchi yoyote, uliza: adui ni nani, gharama ni kiasi gani, na ni nani aliyeidhinisha? Serikali yaweza kuficha namna silaha inavyofanya kazi. Haina haki ya kuficha deni utakalolilipa wewe.